Winga Aliyekataa Laki Nane

“Laki nane!” Mzee Osukuku, mwenyekiti wa klabu, alinguruma kwenye kipaza sauti hadi njiwa wa jukwaani wakahama. “Watu wa Amagoro, nani hapa amewahi kukataa laki nane?”

“Hakuna!” mashabiki wakajibu, na hiyo ilikuwa kweli tupu, maana wengi wao hata laki moja hawajawahi kuiona imekaa mahali pamoja.

“Basi huyu hapa! Callistus Emorut! Timu ya Kampala imemwita, yeye akasema hapana, mimi ni wa Mpakani FC!”

Vuvuzela zikalia. Mbuzi beberu mweupe akaburutwa hadi katikati ya uwanja, zawadi ya shujaa, skafu ya klabu shingoni na uso wa mtu aliyelazimishwa kuhudhuria.

Emorut alisimama pale na tabasamu lililokwama. Huyu ni winga ambaye mguu wake wa kushoto ungeweza kupiga krosi Malaba ikatua Tororo bila kupitia forodha. Lakini hii ya leo haikumwingia kichwani. Laki nane gani? Kampala ipi?

“Mzee,” alimnong'oneza mwenyekiti, “nani amekwambia hayo?”

“Wacha aibu, kijana. Wakala Opolot mwenyewe amenitumia jibu lako. Ngoja niwasomee!” Akavaa miwani, akasoma kwenye simu: “‘Boss Opolot, asante kwa ofa. Lakini mimi ni damu ya Mpakani na nitazikwa na jezi yake. Pesa yenu ni nyingi, roho yangu ni moja. Siuzwi.’”

Mama mmoja muuza samaki wa omena alilia. Emorut naye nusura alie, kwa sababu yake tofauti. Simu yake ni kabambe, ya tochi na redio tu. Kwenye fomu ya usajili, pale palipotakiwa namba ya WhatsApp, iliandikwa namba ya mtu mmoja.

Na mtu huyo alikuwa amesimama mlangoni mwa kontena la ofisi, faili limebanwa kifuani. Emmaculate Akwii, karani wa klabu. Mpenzi wake wa miaka mitatu.

Emorut alimfuata ndani, akafunga mlango.

“Ema.”

“Mechi ni saa kumi, Cali. Kocha anakutafuta.”

“Aendelee kunitafuta. Ni wewe?”

“Ni mimi nini?”

“Usinifanye mjinga na huku nimeshapewa mbuzi.”

Akwii aliketi juu ya gunia la mipira. Mipira ikateleza, naye akateleza nayo kidogo. Siku nyingine wangecheka.

“Aliandika lini?” Emorut aliuliza.

“Wiki tatu zilizopita.”

“Na dirisha la usajili limefungwa...”

“Jana.”

“Jana!”

“Nilitaka kukwambia.”

“Lini? Nikistaafu? Nina miaka ishirini na saba, Ema! Winga akifika ishirini na nane anaitwa mzee. Akifika thelathini anapewa filimbi afundishe watoto wa nasari.”

“Na mimi ningefanya nini?” Sauti ya Akwii ilipanda. “Wangapi wamevuka mpaka hapo na begi mgongoni wakisema nitakupigia? Dada yangu Amuge bado anangoja simu ya yule kipa wake. Mtoto ameshafika darasa la pili!”

“Mimi si yule kipa.”

“Hata yeye hakuwa hivyo kabla ya kuvuka.”

Kidonge kilikuwa kichungu, na kilikuwa na ukweli ndani yake.

“Klabu haijanilipa miezi mitano,” alisema. “Unajua. Wewe ndiye unaandika barua za kutuomba subira.”

“Na hiyo miezi mitano nani amekulisha?”

“Wewe.” Alimtazama. “Nilikula huo ugali wa wimbi nikidhani ni mapenzi. Kumbe nilikuwa nafungwa kamba.”

“Ni mapenzi, Cali! Naapa.”

“Basi mpigie.”

“Nani?”

“Opolot. Weka sauti nisikie.”

Akwii akapiga, akaweka sauti.

“Eeeh, bwana Siuzwi!” wakala alicheka upande wa pili. “Ssebo, umenitoa machozi.”

“Boss,” Emorut alisema, “nimefikiria upya.”

Kicheko kikakatika.

“Umechelewa, ssebo. Tumechukua kijana wa Soroti, amesaini jana jioni. Kukwambia ukweli, mguu wake si kama wako. Lakini yeye alisema ndiyo.”

Simu ikakatwa. Mlango wa kontena ukagongwa.

“Emorut!” Ilikuwa sauti ya Mzee Osukuku. “Toka utuambie neno moja! Watu wanakungoja!”

Akwii alimshika jezi. “Usiwaambie. Tafadhali. Watanila mbichi. Baba yangu mwenyewe amekaa safu ya mbele.”

Emorut aliutoa mkono wa Akwii taratibu, akatoka. Akapewa kipaza sauti. Alimwona yule mama wa omena, alimwona beberu akitafuna skafu, alimwona baba yake Akwii amesimama, ameinua kofia.

“Ni kweli,” alisema. “Nilikataa.”

Uwanja ukapasuka kwa shangwe.

Siku hiyo Mpakani walishinda moja bila, kwa krosi yake. Hata hakuishangilia.

Baada ya mechi Akwii alimkuta barabarani, kando ya foleni ya malori yanayongoja kuvuka.

“Asante kwa kunificha,” alisema.

“Sikukuficha wewe. Nilijificha mimi.”

“Kivipi?”

“Ningesema ukweli, wangeuliza: kama ungeiona hiyo meseji, ungekwenda? Na mimi ningekwenda, Ema. Mbio, hata bila viatu. Ona wale watu. Wanachanga nauli kuja kunishangilia. Ningewaangalia na macho gani?”

“Kwa hiyo umenisamehe?”

Emorut alichomoa kabambe yake, akabonyeza.

“Baba mdogo Ochom? Ile safari ya Moding Jumamosi, waambie wazee wasitoke.”

Moding ndiko kwao Akwii.

“Wasitoke namna gani?” Sauti ya Ochom ilisikika hadi nje ya simu. “Kijana, nimeshaazima koti! Wazee wamejipanga! Msichana amekukataa?”

“Cali,” Akwii alimvuta mkono, machozi yakimtoka, “mlikuwa mnakuja kuniposa? Kwa baba?”

Emorut hakumjibu yeye. Alijibu simu.

“Hapana, baba. Hajanikataa. Amenipenda mpaka hakuniuliza.”