Naliaka Ajifunza Kufunga Kidonda

Kila asubuhi Naliaka alipika uji, na mumewe Makokha akanywa kabla ya kwenda kiwanda cha mbao cha Elburgon. Jumatatu moja, huko kiwandani, ubao ulimwangukia Makokha ukampasua mguu. Naliaka alikimwagia kidonda mafuta ya taa, akakifunga kwa leso kuukuu. Siku ya nne mguu ulikuwa umevimba na kunuka. Makokha hakuweza kusimama.

Siku hiyo alipita Kipsang, mtu mwenye mkoba wa sindano. "Mimi ni daktari wa nyumbani," alisema. "Sindano moja tu, kesho mzee yuko kazini."

Naliaka alisita. Alikwenda mbio dispensari kumwita muuguzi, nasi Chepkurui. "Dada, njoo umdunge mume wangu wewe. Huyo Kipsang mwenye sindano simjui."

Chepkurui alikuja, akakitazama kidonda. "Hali ni mbaya, mama. Lakini dawa ya kumdunga huamuliwa na daktari. Tumpeleke hospitali ya Nakuru sasa hivi."

"Mdunge tu. Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Nilisoma, nikapita mtihani, jina langu likaandikwa katika daftari la wauguzi Nairobi. Nikivunja sheria, jina litafutwa. Sheria hiyo inakulinda wewe. Je, Kipsang, asiye na jina katika daftari lolote, akimharibu mumeo, utamshtaki wapi?"

Naliaka alikasirika, lakini alimfuata nje. Alimwona Chepkurui akisimamisha lori la mbao. Njia nzima, nasi yule aliupakata mguu wa Makokha, usaha ukilowesha gauni lake jeupe.

"Mngekawia siku mbili zaidi, tungeukata mguu," daktari wa Nakuru alisema.

Makokha alidungwa dawa siku tisa, kisha akarudi nyumbani. Chepkurui alikuja kumfunza Naliaka. Alimwonyesha kunawa kwa sabuni, kuchemsha vitambaa, kuosha kidonda na kukifunga.

"Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Basi nifunze mimi."

Naliaka alinawa vizuri. Kisha akajifuta mikono kwa nguo aliyovaa.

"Anza tena," Chepkurui alisema kwa upole.

Alianza tena mara tatu. Mara ya tatu Chepkurui alitabasamu. Mwezi ulipokwisha, Makokha alikwenda kazini kwa miguu yake.

Muda si mrefu jirani yao, Awuor, alikuja akilia, amembeba mtoto aliyeungua mkono kwa uji. "Naliaka, wewe sasa ni nasi. Mfunge mtoto mkono."

Naliaka alinawa, akaumwagia mkono ule maji safi ya baridi kwa muda mrefu. Hakupaka kitu.

"Mimi si nasi," alisema. "Nilifunzwa kidonda cha mzee tu. Twende kwa Chepkurui."

Chepkurui aliutazama mkono wa mtoto. "Nani aliumwagia maji?"

"Ni mimi."

"Umefanya vema, mama. Na umefanya vema zaidi kuishia hapo."

Naliaka alikaa kando ya Awuor, akaitazama kwa makini mikono ya nasi ikifanya kazi.