Sauti ya Mfunga Mkia

"Haya twende kazi, wakubwa kwa wadogo!"

Sauti ilitoka nyuma ya msafara, saa tatu asubuhi, jua limeshaliwakia bati la geti. Kiberenge, mwanamke aliyeongoza msafara, alikuwa ameshika komeo. Hakugeuka. Sauti ile aliijua kama anavyolijua jino lake linalouma. Ilikuwa ya mdogo wake, na mdogo wake alikuwa nyumbani, kwenye kigoda cha jikoni, siku ya hamsini bila kutamka neno.

"Nani huyo?" aliuliza bwana harusi, akigeuza shingo. Nyuma yao kulikuwa na barabara tupu na ndoo ya mlinzi.

"Hakuna mtu," alisema Kiberenge. "Hebu tusikilizane kwanza kabla hatujaanza. Mlima huu ni mwepesi. Tutapanda masaa matatu, tutakunywa chai kwenye kibanda, tutashuka masaa mawili. Mawe meupe ndiyo njia. Usipoliona jiwe jeupe, simama. Na jambo la mwisho. Mkisikia mtu anawaita kutoka nyuma, msiitike. Hata akiwa mama yako mzazi. Mmenielewa?"

Bibi harusi alicheka, akamfinya mumewe ubavuni. Walikuwa na wiki mbili tangu wafunge ndoa na kila kitu kilikuwa kichekesho kwao. Mgeni wa tatu hakucheka. Alikuwa mwalimu mstaafu, mwanamke wa miaka sitini na miwili mwenye goti bovu na fimbo mpya.

"Nimeelewa," alisema. "Wanangu wamenikataza kuja. Wameninunulia kiti cha kuegemea, wanataka nikae nisubiri kufa kwa raha. Nimewaambia kiti kitasubiri."

"Ndiyo maneno hayo, Mwalimu," alisema Kiberenge, akafungua geti.

Jina la Kiberenge alibandikwa na wenzake kazini, maana alikuwa mfupi, miguu imejaa, na akishaanza kupanda hakuna wa kumsimamisha. Miaka kumi na miwili alikuwa akiwapandisha wanaoanza. Yeye alitangulia, na mdogo wake alifunga mkia: kazi yake kutembea wa mwisho na kuhakikisha hakuna mgeni anayebaki nyuma yake. Mdogo mtu aliitwa Kasuku, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Mgeni akichoka, Kasuku alimtegea vitendawili, kimoja baada ya kingine, mpaka mtu anasahau kuwa ana miguu. Utotoni walilala kitanda kimoja, na ilikuwa ukimwamsha Kasuku usingizini kwa kitendawili, anajibu kabla hajafumbua macho.

Halafu siku moja alishuka wa mwisho kama kawaida, akapita getini, akakaa kwenye benchi, hana sauti. Hospitali walimmulika koo wakaona ni safi kama la mtoto. Walipompa kalamu aliandika mstari mmoja: *Mtu aliniita nyuma yangu, nikaitika naam, nikageuka, hakuna mtu.*

Mama yao alimpeleka kwa mganga, mwanamke mmoja mwembamba aliyeishi nyuma ya duka la vipuri. Mganga hakuchoma kitu wala kudai kuku. Alilinusa shati la Kasuku, lililofuliwa mara tatu na bado linanuka moto uliozimwa kwa maji.

"Huyu jini haibi," alisema. "Anapewa. Anakuita, ukiitika umempa sauti. Hairudi mpaka na yeye aitwe aitike."

"Sasa ataitwa na nani akaitika?" aliuliza mama.

"Hapo mimi ndipo ninapoishia. Mimi ni wa mjini, mama. Milima siijui."

Kiberenge alirudi kazini kesho yake. Mwenye kampuni hakumpa mfunga mkia mwingine. "Njia ya wanaoanza, mkia wa nini?" alisema. "Si watoto wa shule wanaipanda?" Akapanda wiki baada ya wiki, akiita vichakani kwa hasira, "Wewe! Toka!" na mlima ukamnyamazia. Leo ndiyo mara ya kwanza ulikuwa umesema.

Walipanda vizuri. Miti iliisha, majani mafupi yakaanza, na mji chini ukawa mabati madogo yanayometa. Mwalimu alikwenda hatua zake za kuhesabu, akipumzika kila jiwe la tatu, na Kiberenge alimweka katikati. Bwana harusi alikuwa wa mwisho, akipiga picha. Mara mbili Kiberenge alisikia kokoto zikisagika nyuma yao, viatu vinavyosimama hatua moja baada ya wao kusimama. Walifika kibandani saa sita, wakanywa chai ya chupa, na Mwalimu akapiga simu.

"Niko juu," alisema. "Nimesema juu! Ya mlima! Hebu mwambie na kaka yako."

Akakata kabla hajajibiwa, akafurahi sana.

Walipotoka nje ukungu ulikuwa umeshapanda. Ulikuja kutoka bondeni kimya kimya, ukala bonde, ukala majani, ukabakiza mawe meupe mawili mbele na moja nyuma, na pamoja nao yakaja manyunyu laini na ile harufu, moto uliozimwa kwa maji, nzito kiasi cha kuonjwa ulimini.

"Kuna mtu anapika?" alinong'ona bibi harusi.

"Hapana. Shikaneni mikono."

"Shemeji!" iliita sauti nyuma yao, changamfu, ya kijana. "Shemeji, umeangusha simu!"

Bwana harusi alijipapasa mfukoni na mdomo ukafunguka. Kiberenge aliruka akauziba kwa kiganja chake chote, akaubana, macho kwa macho. Simu ilikuwa mkononi mwa bwana harusi. Aliiona mwenyewe, akaibana kifuani.

"Nilisema nini getini?" Kiberenge alinong'ona.

"Dada, hicho ni kitu gani?"

"Kinataka sauti yako. Usipokipa, hakina la kukufanya. Nani atakuwa wa mwisho?"

"Mimi," alisema bwana harusi. "Mimi ndiye mwanaume hapa."

"Wewe?" mkewe alisema huku analia. "Wewe juzi umepanda kitandani kwa ajili ya mende!"

"Nitakuwa mimi," alisema Kiberenge. "Mwalimu, utatangulia. Jiwe jeupe mpaka jiwe jeupe. Ukilikosa, simama."

"Nimeongoza darasa la watoto themanini," alisema Mwalimu. "Mawe hayatoroki." Akaweka fimbo mbele.

Wakashuka hivyo, mzee mbele akichechemea, maharusi katikati wakiwa wameshikana kama watu wanaovuka mto, na Kiberenge nyuma na mgongo wake wazi, na nyuma ya mgongo wake kokoto zikisagika, zikisagika, si hatua moja nyuma tena bali hatua ile ile anayoipiga yeye, kiatu juu ya kiatu, na ubaridi ukimpumulia kisogoni palipo na vinyweleo, na sauti ya mdogo wake ikiwaita mmoja mmoja, kwa upole, kwa kicheko, kama ilivyowaita wageni miaka yote ile.

"Mwalimu!" iliita. "Mwalimu, samahani, sijaelewa!"

Mwalimu alisimama. Kwa miaka arobaini hakuna mtoto aliyemwita hivyo akakosa jibu. Kidevu chake kiliinuka, pumzi ikaingia kifuani, na herufi ya kwanza ilikuwa imeshafika kwenye meno pale bibi harusi alipomkumbatia kwa nyuma akamfunika uso kwa mtandio wake.

"Nusura initoke," alinong'ona Mwalimu ndani ya mtandio, akihema. "Wallahi sikukusudia. Ilikuwa inatoka yenyewe. Mazoea, mwanangu, mazoea hayakuulizi."

Kiberenge alilisikia neno lile likaingia mwilini mwake kama chai ya moto.

Hayakuulizi. Wiki zote hizi alikuwa amemwita jini, na jini hana sababu ya kuitika. Lakini kile kitu kilikuwa kimevaa sauti ya mtu, na sauti ya mtu ina mazoea yake.

"Endeleeni," alisema. "Jiwe mpaka jiwe. Msinisubiri."

"Dada, wewe je?"

"Nina maneno na mtu hapa."

Akawapa mgongo, akageuka.

Hakuona pembe wala macho mekundu. Aliona manyunyu yakianguka juu ya njia, juu ya majani, juu ya jiwe jeupe, kila mahali isipokuwa hatua tatu mbele yake, ambapo palikuwa na pengo kavu la ukubwa wa mtu aliyesimama, na tone lililofika hapo lilipotea tu, halikudondoka chini, halikumwagika pembeni, lilikuwa kana kwamba limeitwa ndani. Pengo liliinama kidogo upande, vile Kasuku alivyozoea kuinamisha kichwa akitaka kuomba kitu.

"Dada," lilisema. "Dada, mbona umeniacha huku? Nasikia baridi."

Machozi yalimtoka bila ruhusa, na kila kitu mwilini mwake, tumbo, mikono ileile iliyombebea maziwa ya sufuriani alipokuwa mchanga, kilitaka kusema *naam, mdogo wangu, nipo.* Alijiuma ulimi mpaka akaonja damu.

"Dada! Nateleza! Nipe mkono! Dada, niitike!"

Kiberenge alijifuta pua kwa mkono wa koti la mvua. Kuita si kuitika. Alijaza kifua, na alipofungua mdomo alipiga kelele kama mtu anayenadi bidhaa sokoni:

"Kitendawili!"

Pengo lilinyamaza. Kokoto zilinyamaza. Hata manyunyu yalionekana kusita.

"Umejiziba mdomo?" alisema Kiberenge, akipiga hatua mbele. Ubaridi ulimchoma meno. "Hiyo sauti nimeilea mimi. Nimeifundisha kutamka *r* ilipokuwa inasema *l*. Unadhani utaniweza nayo? Kitendawili!"

"Te—" ilitoka, ikakatwa, ikagugumia, kama mtu anayemeza mfupa. Pengo lilijikunja. Harufu ya majivu ilizidi mpaka macho yakamwasha, na ardhi chini ya viatu vyake ikaanza kutiririka kokoto, na kitu kikamshika kifundo cha mguu, kigumu, chenye baridi, kikamvuta kuelekea kwenye korongo, naye akavutika hatua moja, mbili, kisigino kikichimba mfereji kwenye udongo, na bado hakurudi nyuma, aliinama akalisogelea lile pengo uso kwa uso mpaka manyunyu yakaacha kumpiga, akaita mara ya tatu kwa sauti ya mtoto wa miaka tisa gizani chini ya blanketi, anayemchokoza mdogo wake asilale:

"Kitendawiliii!"

"TEGA!"

Lilikuwa jibu la furaha, la haraka, la Kasuku mtupu. Likapasua ukungu kuanzia juu mpaka bondeni.

"Nimeshatega," alisema Kiberenge.

Kitu cha moto kilimpita sikioni, kama pumzi ya mtu anayekimbia kwenda nyumbani. Kifundo kiliachiwa akaanguka chali. Pengo lilitanuka, likapapatika, likatafuta kelele ya kupiga na halikuipata, na manyunyu yakaanza kuanguka juu yake, tone, tone, hadi pakalowa kama mahali pengine popote.

Aliwakuta wenzake jiwe la nne. Mwalimu alikuwa amegoma kwenda mbele zaidi.

"Darasa langu siliachi nusu," alisema. "Umeumia?"

"Mguu tu."

"Basi tumekuwa wawili. Nishike."

Nyumbani, saa ileile jibu lilipotoka mlimani, mama alikuwa jikoni akikaanga vitunguu. Kasuku alikuwa kwenye kigoda chake, macho ukutani, kama siku zote hamsini. Ghafla alisimama kigoda kikapinduka, akapaza sauti: "Tega!" Mama aliangusha mwiko. Vitunguu viliungua vikawa makaa, na wawili hao walikaa sakafuni wamekumbatiana, mwana anaongea, mama anasema, "Endelea, baba, endelea, usinyamaze." Kiberenge alipoingia jioni, anachechemea, alikuta bado anaendelea. Alimaliza habari za siku hamsini, akaanza za jirani.

Mwenye kampuni alipozisikia habari alitaka kuifunga njia.

"Ifunge wewe usiyeipanda," alisema Kiberenge. "Kule ndiko kazini kwangu. Jumamosi nina wageni watano, na mfunga mkia ninaye."

Jumamosi walipanda. Mwalimu alikuwemo, na wajukuu wawili. Kushuka, ukungu uliwakuta palepale chini ya kibanda, na Kiberenge, aliyekuwa mbele, alisikia kitu mkiani kikamsimamisha. Haikuwa sauti. Ulikuwa mdomo, mdomo mtupu wenye mate, unaofunguka na kufumba, unaofunguka na kufumba, kama wa samaki juu ya ubao, ukijaribu neno baada ya neno na hakuna linalotoka.

Kasuku naye alisikia. Kilikuwa hatua mbili nyuma yake. Uso wake ulisawijika. Alimtazama dada yake mbali mbele, na dada yake naye akamtazama.

Kisha Kasuku aligeukia ukungu, akashika kiuno.

"Wewe!" alisema. "Siku hamsini umekaa na sauti yangu, hukupata hata hadithi moja ya maana ya kusimulia? Hebu sikiliza inavyotumiwa."

Akaanza kuongea. Aliongea jiwe mpaka jiwe, hakupumzika hata kunywa maji, na nyuma yake ule mdomo ulimfuata, ukifunguka na kufumba, mpaka getini.