Tawi la Mkunazi Katika Treni ya Jioni

Jua lilikuwa likizama nyuma ya mabomba ya kiwanda MaMchunu aliponunua tiketi mbili katika stesheni ya KwaNsimbi. Moja yake. Nyingine ya mumewe, Mphikeleli Zungu, aliyeteleza kwenye jukwaa la stesheni hiyohiyo akasagwa na treni.

Karani aliona tawi la mkunazi mkononi mwake. Akavua kofia; alijua tawi hilo hubeba roho ya marehemu hadi kwao.

Stesheni ile ilijengwa enzi za treni za makaa, ngazi za weupe upande huu, za weusi upande ule. Vibarua walioitandika reli walitoka mbali, na waliofia hapo, roho zao hazikufuatwa na mtu. Siku hizi treni za abiria hupita asubuhi na jioni tu.

Kufuata roho ya marehemu ni kazi ya mzee wa kiume. Lakini MaMchunu alikuwa amemkatalia shemeji yake katakata. "Ni mume wangu. Nitamleta mwenyewe." Sharti alilijua: mshika tawi husema na marehemu peke yake. Akimjibu mtu mwingine, roho hupotea njia.

Aliligusisha tawi sakafuni.

"Baba Nhlaka, twende nyumbani. Tunapanda treni."

Tawi likawa zito... kama mtoto aliyelala.

Alilikalisha kwenye kiti cha dirishani. Treni ilipoanza kutambaa, marashi yalimfikia kabla ya mwenyewe. MaNdlovu, mwanamke wa mjini wa Mphikeleli, alikaa mbele yao, magoti yakikaribia kugusa tawi.

"Shikamoo, dada mkubwa. Heee, mume kakatiwa tiketi! Mwambie basi asisinzie. Kwangu ni karibu."

MaMchunu akatazama nje.

"Kila Ijumaa alishuka kwangu. Wewe ulikuwa ukiambiwa nini? Kazi za ziada?"

Ndivyo alivyokuwa akiambiwa. Ijumaa zote zile, chakula kikipoa mezani. Alikaza meno mpaka taya likamuuma.

Breki zikalia. MaNdlovu akainama, akanong'ona kwenye majani, kwa sauti ya mtu aliyezoea kumwamsha mwenziwe.

"Mphike... tumefika, mpenzi. Shuka."

Mphike. Jina hilo MaMchunu hakuwahi kuruhusiwa kulitumia.

"Hashuki! Mume wangu huyu, malaya we!"

Abiria wakageuka kutazama.

MaNdlovu alisimama, akaenda mlangoni, akajibana pembeni kidogo... kama anayempisha mtu atangulie. Kisha naye akashuka.

MaMchunu alilinyanyua tawi.

Jepesi. Kama bua kavu.

"Baba Nhlaka?"

Milango ilikuwa bado wazi. Ubaridi ukaingia, na pamoja nao harufu ya moshi wa makaa. Treni za makaa zilikoma kabla yeye hajazaliwa.

Tawi likawa zito tena. Zito kuliko mwanzo.

Alijua huyu si mumewe. Alipaswa kuliacha palepale kitini. Lakini angerudije mikono mitupu, ukoo mzima ujue kuwa hata baada ya kufa mumewe amemchagua MaNdlovu?

Alilibeba.

Nyumbani walimpokea kwa vigelegele. Mbuzi wa kumpokea marehemu alisogezewa tawi. Alilinusa, akayala majani yote.

"Amefika!" mama mkwe akalia kwa furaha. "Umefanya kazi ya mwanamume, mwanangu. Hakuna sauti iliyomvuta njiani?"

"Hakuna, mama."

Wakamwacha peke yake katika nyumba ya mababu, akawashe ubani. Ubani haukunukia. Kilichonuka ni makaa. Kwenye mkeka nyuma yake kitu kilijikalisha taratibu, kikakohoa kikohozi kikavu cha mzee.

"Mama," sauti asiyoijua ikauliza kwa adabu, "hapa ni kwa nani?"

MaMchunu hakugeuka. Angepaswa kupiga kelele. Lakini hakuwa akimwaza mgeni yule. Alikuwa akiiona nyumba moja ndogo kule mjini, taa imewashwa, na MaNdlovu akipakua chakula cha watu wawili.