Msiba wa Mtu Tuliyemtunga

Kama kuna mtu hapa Pirea, bandari hii ya Ugiriki, anayejua kufa jukwaani kuliko mimi Ligoris, aje mtaani kwetu Maniatika anionyeshe. Nimekufa kwa risasi, kwa sumu na kwa wivu. Safari moja nilikufa vizuri hadi mama mmoja wa mstari wa mbele akavua mtandio wake akanifunika uso. Shule niliiacha mapema, lakini kufa hakufundishwi darasani.

Kikundi chetu cha maigizo alikianzisha dada yangu Stamata, ndani ya kiwanda cha sabuni kilichofungwa. Waigizaji ni sisi wenyewe wa mtaani: muuza samaki, fundi viatu, wajane wawili watatu. Mwaka ule akaja na jambo jipya. Watazamaji hawatakaa kwenye viti. Watavaa hedfoni, watapanda ngazi za mtaa wetu, na kila mlango watakaposimama watasikia sauti ya mwenye nyumba akisimulia mambo yake. Sauti zote nilizirekodi mimi. Kazi safi, hata nzi humsikii.

Kituo cha mwisho kilikuwa juu kabisa, kwenye kiwanja kitupu chenye ukuta mmoja, masalia ya nyumba iliyobomolewa. Ukuta hauna mlango wala dirisha. Pale Stamata alitaka wimbo wa msiba, ule wetu wa asili, na wa kuuimba ni mmoja tu: Bi Garufalia, aliyewalilia maiti wa mtaa huu tangu mimi sijaota ndevu.

Bi Garufalia akaja kiwandani asubuhi, amevaa nyeusi kuanzia kilemba hadi soksi. Akanywa kahawa yake. Akatikisa kichwa.

"Siimbi mkavu, mwanangu. Wimbo lazima uwe na maiti."

"Maiti huyu hapa, Bibi," Stamata akanisukuma mbele. "Kufa ndiyo kazi yake."

"Huyo? Huyo hata kuzimu watamrudisha."

Tulicheka hadi kahawa ikamwagika. Kisha Stamata akasema, "Basi tumtunge maiti. Mtu ambaye hayupo. Nani atadhurika?"

Tukamtunga palepale. Tukamwita Pulikos, baharia, aliyetumbukia kwenye shimo la mizigo la meli. Mimi nilimwongezea kikohozi cha tumbaku, maana mtu bila kasoro hana ladha.

"Kazikwa wapi?" akauliza Bi Garufalia.

"Hajazikwa, Bibi. Hayupo."

"Na wimbo ataupokea nani?"

Kwetu mwimbaji hamalizi peke yake. Akifika mwisho humgusa mkono mwanamke wa marehemu, naye huupokea wimbo na kuuendeleza kwa maneno yake. Usipopokelewa, haujaisha.

"Nipe mimi," Stamata akasema. "Nitakuwa mkewe."

Shemeji yangu Panago, mume wake wa kweli, fundi wa kuchomelea meli, alikuwa juu ya ngazi anafunga taa. Akapiga yowe: "Jamani! Mchana kweupe naletewa mume mwenza!"

Bi Garufalia akaimba, mimi nikirekodi. Sitaki kujisifu kwa kazi ya mwingine, lakini nywele zilinisimama. Alipomgusa Stamata mkono, dada yangu akaupokea. Akamlilia Pulikos wake, viatu vyake vilivyobaki chini ya kitanda, mto wake uliopoa. Machozi yakamtiririka kweli. Panago aliteremka polepole. Hakutania tena.

Bibi alikataa kikombe cha pili. Mlangoni akageuka.

"Mmeshamlilia. Sasa mtafutieni pa kulala."

Tulifanya jaribio saa sita mchana, ule wakati mtaa mzima hufunga madirisha na kulala, jua likichoma mawe. Mimi na Stamata, kila mtu na hedfoni zake. Tukapanda. Muuza samaki akasimulia. Fundi viatu akasimulia. Tukafika ukutani, wimbo ukalia, ukaisha.

Nilikuwa nimeacha ukimya hapo. Nakumbuka vizuri.

Mtu akakohoa.

Kisha nyayo, nzito, zikipanda ngazi. Kisha sauti ya mwanamume, karibu na sikio langu: "Stamata. Ngazi zimenichosha. Fungua."

Nilizivua hedfoni. Dada yangu hakuvua. Alikuwa ameutazama ukuta, anatabasamu.

Niliikagua kompyuta hadi macho yakauma. Baada ya wimbo hapakuwa na kitu. Mstari wa sauti ulikuwa mnyoofu kama uzi. Nikaufuta wimbo wote. Nikafuta na nakala zake.

Siku iliyofuata Panago alinipigia simu, ananong'ona. "Ligoris, dada yako ameweka sahani ya tatu."

"Mna mgeni?"

"Hakuna mgeni. Lakini chakula kinapungua."

Baadaye Stamata akaacha kuweka sahani tatu. Akaweka mbili. Ya Panago hakuiweka.

Mimi na Panago tukamwendea kasisi tumwombe kaburi, hata dogo, hata sanduku tupu. "Namzika nani?" akauliza. "Ana cheti gani? Alibatizwa wapi?" Tukamwendea Bi Garufalia. Hakutufungulia. Alisemea nyuma ya mlango.

"Wafu wangu wote nawajua wanakolala. Yule ningempeleka wapi? Anakwenda kwa mkewe. Anakokwenda kila mume."

"Mkewe ni mke wangu!" Panago akasema. Mtu mzima yule, alilia.

"Uliyasikia maneno aliyoimba Stamata, mwanangu. Hata mimi niliyaamini."

Kufikia hapo Stamata alikuwa akimwita Panago "bwana". Kwa adabu, kama mpangaji. Alimuuliza atahama lini. Mimi alinijua bado. Nilikaa naye jikoni, nikamshika mikono, nikamfanyia vituko vyangu vyote. Nilikufa pale sakafuni kifo changu bora. Hakucheka. Aliinamia sikio langu.

"Kaka, usifanye hivyo. Atasikia vibaya."

Tulimfungia. Panago alilala mbele ya mlango. Saa sita, mchana kweupe, kufuli likiwa limefungwa, nikamwona kutoka barazani kwangu. Anapanda ngazi. Peku. Nikapiga kelele. Hakuna dirisha lililofunguka. Nikakimbia. Mimi nakimbia sana, waulize. Sikumfikia.

Aliweka kiganja ukutani, kama mtu anayesukuma mlango wa kwake.

Nilipofika, ukuta ulikuwa ukuta, na dada yangu hayupo.

Polisi walikuja na mbwa. Mbwa walifika kiwanjani, wakakaa chini, wakakataa kuinuka. Kikundi chetu kimekufa. Kiwanda kina kufuli. Panago anapanda kila mchana na kiti chake, anakaa mbele ya mawe. Nimeacha kumshawishi ashuke.

Majira ya joto yale yale, kamba ya nguo ilitokea kwenye ule ukuta, kati ya misumari miwili. Hakuna aliyeifunga. Imeanikwa gauni na shati la kibaharia. Jua la Agosti linapasua mawe, lakini nguo hazikauki. Zinachuruzika maji, na chini ya matone vumbi ni kavu. Tulizishusha, tukazichoma. Kesho yake zikawa zimeanikwa.

Wiki iliyopita Panago aliniita kwa mkono. Nikapanda. Akanionyesha tu.

Katikati ya gauni na shati, imebanwa vizuri kwa vibanio viwili, kulikuwa na fulana ya mtoto mchanga. Imetoka kufuliwa. Ilikuwa bado na povu.