Diski Zilizojaa Julai

Volvo nyeusi ilikata kona ya bandari ya Turku, matairi yakilia. Tuulikki Rasila, jasusi wa Idara ya Usalama ya Finland, aliendesha kwa mkono mmoja. Mwingine ulishika simu.

"Mkuu, gari la diski za hospitali liko mbele yangu. Linapanda feri ya Sweden."

"Liache," alijibu Mkuu Sarkola. Maji yalisikika yakimwagwa kwenye mawe ya moto. Mzee alikuwa sauna, bafu la mvuke, kwenye kibanda chake cha ziwani. "Hizo ni picha za wagonjwa. Hazifunguliwi bila kibali cha jaji."

"Jaji yuko wapi?"

"Anavua samaki. Ni Julai, nchi nzima iko likizo, umesahau?"

"Sijasahau. Ndiyo maana nipo hapa."

Tangu majira ya kuchipua, Idara ikishuku siri zinavuja kupitia hospitali, alijifanya mtaalamu wa kompyuta huko. Kazi yake: kukadiria picha za wagonjwa zitahitaji nafasi kiasi gani. Wanapigwa picha wangapi kwa siku, kila picha nzito kiasi gani, zidisha, weka na akiba. CT-Scan moja tu hula nafasi kuliko rundo la eksirei.

Florian Stadler, mkandarasi wa diski, alileta kadirio la mara mbili ya lake.

"Teknolojia inakua, dada," alimwambia huku akicheka.

Kisha ikaja Julai. Madaktari wakakimbilia maziwani. Wakabaki wagonjwa wa dharura tu, nao wakapelekwa hospitali nyingine.

Diski za Stadler zikaendelea kujaa vilevile.

Mwishoni mwa Juni, kumbukumbu nzima ya Idara ilikuwa imeibwa. Video, sauti, anwani za kila jasusi aliye ng'ambo. Mmoja wao alikuwa Aarni, mdogo wake Tuulikki. Kama kumbukumbu hiyo ndiyo iliyojaza diski zile, feri ikiondoka nazo, Aarni ni maiti.

"Nakuamuru urudi!" Mkuu alifoka.

"Nifukuze Agosti, ukirudi ofisini."

Akakata simu. Akakanyaga mafuta.

Volvo ikajipachika mbele ya gari la Stadler, mdomoni mwa feri. Stadler akashuka, meno yote nje.

"Huwezi kufungua, dada. Sheria yenu wenyewe inawalinda wagonjwa."

"Wagonjwa gani?"

"Mamia! Kila siku!"

"Mashine zimefunikwa shuka mwezi mzima. Mpiga picha mkuu yuko porini anachuma matunda. Ulimpiga picha nani wewe, panya?"

Kicheko kikakauka. Mkono ukazama kotini, ukatoka na bastola.

Glock ya Tuulikki ilikuwa imeshatoka.

Paa!

Bastola ya Stadler ikaruka, ikatumbukia baharini. Jamaa akapiga magoti, akiugulia mkono.

"Utafungwa wewe! Sheria..."

"Sheria inalinda wagonjwa. Humu hamna mgonjwa hata mmoja."

Alimfunga pingu, akachomeka diski ya kwanza kwenye kompyuta yake. Faili liliandikwa "fuvu". Badala ya fuvu, kwenye kioo ikatokea video ya Aarni, anakula andazi la mdalasini dirishani. Tuulikki akacheka peke yake.

Simu ikalia.

"Rasila! Usiniambie umefungua!"

"Nimefungua, Mkuu."

Kule ziwani ndoo ilisikika ikianguka.

"Umekuta nini?"

"Mdogo wangu. Mzima wa afya. Tuma watu wamchukue Stadler."

"Watu gani? Wote wako likizo!"

"Basi toka sauna, Mzee. Vaa suruali uje mwenyewe."

Akamfunga Stadler kwenye usukani, akabeba sanduku la diski begani, akaenda kununua aiskrimu.