Majani ya Njia Panda

Kila Jumamosi mambo yetu ni yale yale. Naamka, nachota maji mara mbili, naosha vyombo, nafagia uani, halafu namsugua Kaku goti lake la kushoto kwa mafuta ya mawese yaliyopashwa moto. Kaku ni bibi yangu mzaa baba. Sisi wa asili ya Kasai ndivyo tunavyomwita bibi. Tunakaa wawili tu, Alunguli, ng'ambo ya mto, na kutoka mlangoni petu tunauona mji wa Kindu wote, bandari yake na stesheni ya treni alikofanya kazi babu. Mama alifariki nikiwa mdogo. Baba yangu, Blaise, yuko kwenye machimbo ya Kama, anachimba dhahabu, na huu ni mwaka wa pili hajarudi.

Kabla ya kuondoka aliniachia baiskeli. Aliinunua kwa mhandisi mgeni aliyekuwa anarudi kwao: matairi manene yenye meno, springi mbele, gia chungu nzima, na haina keria. Kwetu baiskeli, au kinga kama tunavyoiita, isipokuwa na keria ni kichekesho. Baiskeli hapa ni ya kubebea madumu ya mafuta, magunia ya mchele, chumvi, sabuni, hata mbuzi. Wasukumaji wenyewe, wanaume wanaoishi kwa kusafirisha mizigo hiyo, hawaipandi. Hufunga fimbo moja kwenye usukani na nyingine nyuma ya kiti, wakaisukuma msituni siku nyingi mpaka Kama. Basi nilipopita mimi, msichana wa miaka kumi na mitatu juu ya baiskeli tupu, watu walipata cha kucheka.

"Misenga, kinga bila mzigo iko ya kazi gani?" aliniuliza Papa Kayembe, mkubwa wa wasukumaji, kila aliponiona. "Beba basi hata kuku moja!"

Nilicheka nao, lakini iliniuma. Elodie na wasichana wengine wa darasa letu walisema nanuka mafuta ya mnyororo. Baada ya shule walikwenda kusukana nywele, mimi hakuna aliyeniita. Upweke ulipozidi nilipanda baiskeli nikaenda zangu msituni kutafuta njia.

Kutafuta njia si kazi ya kubahatisha. Udongo mwekundu wenye changarawe haukuangushi hata baada ya mvua. Ule mweusi unaong'aa utakulaza chini ukiwa bado unajisifu. Mizizi inayokatiza njia unairuka, ila ile inayokwenda sambamba na njia inakamata gurudumu. Mteremko mzuri unashuka kwa kuzungukazunguka, maji hayatuami, na ukifika chini unatamani kurudi juu. Niliwahi kuipata njia kama hiyo karibu na chemchemi. Wiki mbili baadaye wasukumaji waliigundua, na mizigo yao mizito ikaichimba ikawa mfereji wa matope. Nililia kama mtoto aliyenyang'anywa andazi.

Kwa hiyo nilipoipata njia ya mgongoni mwa kilima, niliapa hataijua mtu.

Ilianzia kwenye njia panda, mwendo wa saa moja kutoka kwetu. Njia ya chini ilipita bondeni, ndiyo waliyoizoea wote. Ya juu ilikuwa njia ya zamani iliyomezwa na nyasi. Ilipanda mgongo wa kilima, ikaenda huko juu pakavu, kisha ikashuka na kukutana tena na ile ya bondeni upande wa pili, karibu na kijiji cha Kalubenge. Niliifyeka kwa panga Jumamosi nne, peke yangu. Siku nilipoiteremka yote bila kuweka mguu chini, nilipiga kelele za furaha mpaka ndege wakaruka. Halafu nikanyamaza, maana hapakuwa na wa kumsimulia.

Sasa, msituni kuna desturi ambayo hata mtoto wa miaka mitano anaijua. Ukifika njia panda na umeona kwa macho yako kwamba njia moja imeharibika, unavunja tawi lenye majani mabichi, unalilaza katikati ya ile mbaya. Anayekuja nyuma haulizi. Akiona majani, anapita kwingine.

Nami nikavunja matawi. Nikalaza moja mwanzo wa njia ya juu na jingine mwisho wake, nikaifunga njia nzuri kuliko zote. Nikajiambia: njia ya chini inapitika, watu wameipita miaka yote, nimemkosea nani?

Wiki hiyo mvua ilinyesha Alhamisi usiku na Ijumaa kutwa. Jumamosi nilikwenda kwenye njia yangu mchana, nikabadilisha majani yaliyonyauka, nikapanda juu. Bondeni sikwenda kuangalia. Nilikuwa nimefika katikati ya mgongo niliposikia mtu anaita huko chini. Sauti ilikuwa ya mwanamume, na ilikuwa imekauka, kama ya mtu aliyeita muda mrefu.

Niliitupa baiskeli, nikashuka kwa kushikilia miti. Bonde lote lilikuwa limegeuka kinamasi. Papa Nestor, mkulima wa Kalubenge, alikuwa ndani ya matope mpaka mapajani, baiskeli yake imezama magurudumu yote mawili. Mgongoni alikuwa amemfunga binti yake Joëlle, mwenye miaka sita. Macho ya mtoto yalikuwa wazi nusu, na midomo yake ilikuwa na magamba.

"Iko na homa tangu jana," alisema Papa Nestor. "Asubuhi amekamata degedege. Mi napeleka yeye hospitali. Tangu saa nne niko hapa."

Saa nne! Jua lilikuwa limeshapita utosi.

"Papa, iko njia ingine. Ile ya juu."

"Ile imefungwa, mutoto yangu. Nilitaka kupita kule, nikaona majani."

Nilimnyooshea tawi, nikamvuta mpaka akatoka. Baiskeli yake tuliiacha. Tulipanda mgongo wa kilima, tukamkalisha Joëlle kwenye kiti cha baiskeli yangu, mimi nikashika usukani na baba yake akamshikilia mabegani. Mwili wake ulikuwa wa moto hata nilipomgusa goti tu. Njia ilikuwa kavu na ngumu mpaka mwisho. Papa Nestor alikuwa akitazama chini, akitazama mbele, kisha akasema kwa sauti ya mshangao, "Lakini hii njia iko muzuri! Ni nani alifunga hii njia?"

Nikasema, "Tuharakishe, Papa."

Tulipofika njia panda aliliona tawi, majani yake bado mabichi. Alilipiga teke likaenda kando. Tulivuka mto kwa mtumbwi, na kabla jua halijashuka Joëlle alikuwa amewekewa dripu. Daktari alisema mtoto atapona, lakini wangechelewa zaidi kidogo asingeahidi kitu.

Siku iliyofuata nilikuwa mtu mwingine Alunguli. Papa Kayembe alinishika mkono mbele za watu na kusema mutoto ya Blaise ameonyesha wanaume njia. Jumatatu Elodie alikaa karibu nami darasani. Jumanne wasichana walikuja kwetu, wakanisuka, wakataka niwasimulie tena na tena. Nilisimulia. Nilikuwa nimeungojea mlango huo ufunguke kwa muda mrefu, na sasa ulifunguka, na nilijua vizuri kwamba ulifunguliwa kwa uongo.

Kwa sababu swali la majani halikufa. Wasukumaji walikaa, wakazungumza, wakampata mtu wao: Mulamba. Alikuwa msukumaji mkali wa maneno, mwenye kupenda kutangulia sokoni, na asubuhi ile alikuwa amepita bondeni wa kwanza, kabla maji hayajajaa. Wakasema alifunga njia ya juu ili wenzake wakwame nyuma.

"Mi sikutia ile majani!" alifoka Mulamba. "Naapa kwa mama yangu!"

"Basi majani ilijilalisha yenyewe?" aliuliza Papa Kayembe. "Kuanzia leo hakuna muntu wa kukusukumia."

Kama hujawahi kusukuma mzigo, hutaelewa adhabu hiyo. Baiskeli yenye madumu manane haipandi kilima kwa mtu mmoja. Wasukumaji huenda pamoja. Kwenye mwinuko wawili wanasukuma ya mmoja, kisha wanarudi kusukuma ya mwingine. Alhamisi nikitoka shule nilimwona Mulamba chini ya kilima cha soko. Alikuwa anafungua madumu yake moja moja. Alibeba mawili mpaka juu, akarudi, akabeba mawili. Wenzake walipita kando yake wakipiga miluzi, hakuna aliyegeuza shingo. Alipochoka alikaa juu ya dumu, akatazama mikono yake.

Ule ukaaji niliujua. Ndivyo nilivyokuwa nikikaa mimi peke yangu kule mgongoni. Nilifika nyumbani, nikamkuta Kaku anapepeta mchele, nikaanguka miguuni pake nikilia.

"Kaku, ni mimi. Majani, njo mimi nilitia."

Kaku aliacha kupepeta. Nilingoja fimbo, fimbo haikuja. Alivuta kiti, akanyoosha goti lake bovu.

"Hili goti, unajua liliumia wapi?" aliuliza. "Katika vita. Treni zilisimama, mushahara ya babu yako ikasimama, na chumvi ikakosekana katika muji muzima. Wanaume waliogopa njia; maaskari waliwakamata wakawabebesha mizigo, wengine hawakurudi. Basi mimi nikakamata kinga. Nikafunga mafuta, baba yako akasukuma nyuma. Alikuwa na miaka kumi."

"Baba yangu?"

"Njo yeye. Siku moja tulifika njia panda. Njia ya mukato ilikuwa na majani mabichi. Nilikasirika sana, Misenga, goti lilikuwa limevimba, na ile ingine ilikuwa ya kuzunguka siku nzima. Nilitaka kuruka majani nipite. Baba yako akasema, 'Mama, muntu amefunga.' Tukazunguka. Jioni tukasikia risasi upande ule. Wenye kupita ile ya mukato, tuliwazika sisi kesho yake."

Alijipangusa uso kwa ncha ya kitenge.

"Mpaka leo sijui ni nani alitia ile majani. Pengine alikuwa anakimbia, na bado akasimama kuvunja tawi kwa ajili ya watu asiowajua. Kama muntu angekuwa ametia majani ya uongo hata mara moja mbele ya siku ile, mimi nisingeamini, na weye usingezaliwa. Hatukuwa na simu, hatukuwa na treni. Tulikuwa na majani tu. Sasa weye umefanya watu waogope majani."

Nilitamani ardhi inimeze.

"Kesho asubuhi utasema mbele yao wote," alisema Kaku. "Watakuchukia pengine. Utarudi kuwa peke yako, najua, naona unavyokaa. Lakini upweke wa muntu wa kweli unakwisha siku moja. Mwongo hata akizungukwa na watu mia, ni yeye peke yake anajua yeye ni nani. Na ile njia si yako kwa sababu uliiona kwanza. Aliyetangulia ana deni ya kusema kweli kwa anayefuata, basi."

Ijumaa alfajiri wasukumaji walikuwa wanafunga mizigo yao kando ya barabara. Kaku alisimama nyuma yangu na fimbo yake. Nilisema yote: njia, matawi, na jinsi nilivyonyamaza Papa Mulamba alipolaumiwa. Papa Kayembe alivua kofia, akaivaa tena. Papa Nestor, aliyekuwa amekuja kuchukua dawa, aliinamisha kichwa.

"Mutoto yangu alikuwa karibu kufa," alisema polepole. "Na weye njo ulimuokoa. Mi sijui nikuambie nini." Akaondoka. Hilo liliniuma kuliko matusi.

Papa Kayembe alimwendea Mulamba, akampa mkono. "Tulikukosea. Utusamehe." Mulamba aliuacha mkono ule hewani kidogo, ndipo akaupokea. Kisha akanigeukia. Nilijikaza.

"Leo hakuna masomo?" aliuliza.

"Iko, Papa. Kesho niko huru."

"Basi kesho utanisukumia. Kinga yako iache nyumbani."

Elodie hakukaa nami darasani siku ile. Jumamosi niliamka mapema zaidi, nikamaliza kazi zangu, nikasukuma nyuma ya mzigo wa Mulamba, magunia mawili ya chumvi na katoni za sabuni, mpaka viganja vikachubuka. Hakunisemesha njia nzima. Wengine walikuja nyuma yetu, mbali kidogo. Tulipofika njia panda alisimama, akavunja tawi lenye majani mabichi, akaninyooshea.

"Funga njia ya chini," alisema.

Nililishika tawi. Kila mtu alijua bonde limejaa matope. Mulamba mwenyewe bado alikuwa na doa la matope hayo kwenye suruali. Lakini nilitikisa kichwa.

"Papa, nisubiri kidogo. Kwanza niende kuona."

Nilishuka mbio mpaka kwenye kinamasi. Maji yalikuwa yale yale, na usukani wa baiskeli ya Papa Nestor ulikuwa bado umechomoza juu. Nilipanda tena nikihema, nikalilaza tawi katikati ya njia ya chini, nikalinyoosha vizuri. Mulamba aliguna, nadhani ndivyo anavyocheka.

Tulianza kupanda mgongoni. Nilipogeuka nyuma nilimwona Papa Kayembe amefika njia panda, ametazama chini kwenye majani. Hakuuliza ni nani aliyeyaweka. Aligeuza usukani, akapanda kutufuata, na wengine wote nyuma yake.