Mgonjwa wa Jicho Hapikii Wageni

Wageni walijaa nyumbani kwa mama Ngalula, pale mtaani Katuba. Walikuja kumpa pole. Siku chache kabla, daktari alimpasua jicho la kuume kwa ajili ya glakoma, ule ugonjwa wa presha ya jicho. Jicho la kushoto ugonjwa huo ulikuwa umekwisha kulizima. Likiharibika na hili, basi, ni giza tupu.

Wageni wa kwetu unawajua. Wanakuja kumwangalia mgonjwa, lakini bukari, ule ugali wetu, wanaingoja palepale. Na mama Ngalula, Mkasai mwenye fahari yake, hakubali mgeni ale kwake bukari iliyosongwa na mkono mwingine.

Mume wake, Symphorien, alijaribu kumzuia, akimwita kwa jina la binti yao.

— Mama Benita, kaa! Dokta alisema usiiname.

— Eh! Bageni baende na njaa? Ni dakika kidogo tu.

Akainama juu ya mbabula, lile jiko la makaa. Akasonga kwa nguvu zote. Moshi ukamwingia, akafuta jicho kwa pembe ya kitenge. Wageni wakala, wakasifu, wakaenda zao. Wageni gani hao!

Kesho yake jicho lilikuwa jekundu, linauma, linatoa maji. Uso wa Symphorien aliuona kwa ukungu. Aliogopa sana, lakini akasema atangoja siku aliyopangiwa na daktari.

Jirani yao Régine, muuguzi, alipomwona alishtuka.

— Ungoje nini, mama? Nyuma ya kupasuliwa, jicho ikiuma, ikikuwa nyekundu, ao ukianza kuona mubaya, unaenda hospitali siku ileile!

— Lakini balishanipasua. Juu ya nini sioni kama zamani?

— Kupasua hairudishe macho yenye ilishakufa, mama. Inalinda ile yenye inabakia. Dokta alifungua kanjia kadogo maji itoke, presha ishuke. Ukiinama, ukibeba kizito, ukisugua jicho, kidonda inaweza kufunguka.

Wakaenda. Daktari akakuta kidonda kimeanza kuvuja. Akakiziba, akaongeza dawa ya matone.

— Mungekawia, vijidudu vingeingia ndani, alisema.

Nyumbani mambo yakabadilika. Binti yao Benita alinawa mikono kwa sabuni kabla ya kumtia mama matone, na hakukosa hata mara moja. Wakati wa kulala alimkinga jicho kwa kifuniko cha plastiki. Symphorien akashika mwiko. Bukari yake ilikuwa na mabonge, lakini nani alikufa?

Walipokwenda tena hospitali, presha ilikuwa imeshuka na kidonda kimefunga. Symphorien alilia kwa furaha, hakujificha.

Jumapili wageni wakarudi. André, mdogo wake Symphorien, akachungulia jikoni.

— Shemeki, leo hatule?

Mama Ngalula akamtazama usoni, vizuri kabisa.

— Minakuona, shemeki. Na minataka kukuona tena mwaka kesho. Unga iko pale, mwiko iko pale. Simama, upike.